Shajara ya mradi: nyasi zinapungua, matuta yanaongezeka

Mwisho wa kiangazi, kupima kabla ya kugusa kitu

Naanza kuandika hii shajara kabla sijachimba hata shimo moja, maana nataka kila uamuzi uwe na sababu yake hapa, nikirudi kusoma msimu ujao nijue kwanini nilifanya hivi na sio vile. Mradi wenyewe uko hivi: uwanja mzima umefunikwa na nyasi, nataka karibu nusu igeuke kuwa matuta ya mboga na maua, na nusu inayobaki ibaki nyasi, ila nyasi zenye kazi. Hilo la mwisho ndio moyo wa mradi wote. Watu wengi wakishaamua kulima uwanjani wanazigeuzia nyasi mgongo kabisa, zinaachwa zinaota ovyo pembeni huko, alafu baada ya muda zinavamia matuta yote. Mimi naona kile kipande kinachobaki ndicho kitakacholisha matuta, kila nikikata napata matandazo na malighafi ya mboji bila kutoka nje ya geti, kwa hiyo nyasi na matuta vinatunzwa pamoja, ratiba moja, daftari moja.

Cha kwanza nimeangalia jua. Sio kwa kukisia, nimepita asubuhi, saa sita mchana na jioni nikaweka alama za vigingi pale kivuli kinapoishia. Mboga nyingi za matunda kama nyanya, matango na pilipili zinataka jua la moja kwa moja masaa 6 hadi 8 kwa siku, mboga za majani zinavumilia pungufu kidogo, masaa 4 hivi yanatosha kuzisogeza. Na hapo ndo nimepata jibu la swali lililonisumbua muda mrefu, kwanini chini ya mti nyasi zinakuwa na vipara kila mwaka hata zikimwagiliwa vizuri: nyasi zangu ni ukoka (Cynodon dactylon), na ukoka ni nyasi ya joto na jua kali, kivuli haukiwezi kabisa. Pale hakuna mbolea wala maji yatakayosaidia, pale panataka mimea ya kivuli na matandazo, basi. Kipande hicho kimeingia kwenye orodha ya kubadilishwa bila mjadala.

Kuna vingine viwili vimeingia orodhani. Ukanda mwembamba kando ya ukuta, ambapo mashine ya kukata nyasi haipiti vizuri na joto la ukuta linakausha udongo haraka, na kipande kikubwa cha katikati upande wa jua, hicho ndo shamba lenyewe la mboga. Kinachobaki kuwa nyasi ni pale watoto wanapochezea. Mama alisema mapema kabisa, "Mwanangu lima unavyotaka, ila wajukuu wangu waachie pa kukimbilia," na mimi nakubaliana nae asilimia mia, kwa kucheza juu yake hakuna kitu kinashinda nyasi.

Udongo pia nimeupima kwa njia ya chupa: udongo chini kidogo ya nusu chupa, maji, sabuni kidogo, tikisa sana, acha itulie. Mchanga unatua chini ndani ya dakika moja tu, tope laini linafuata ndani ya masaa machache, mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi. Wangu una mfinyanzi mwingi. Alafu nikachimba shimo la sentimita 30, nikajaza maji yakanywewa, nikajaza tena na kuangalia yanashuka kwa kasi gani. Yakishuka sentimita 2 hadi 5 hivi kwa saa hali ni nzuri, yakikaa tu yanakuangalia maana yake hapo matuta yainuliwe. Kwangu yanashuka polepole, kwa hiyo matuta yote yatakuwa juu ya usawa wa ardhi.

Na kabla jembe halijaingia popote, mabomba ya maji na nyaya za umeme za chini ya ardhi, zote nimetafuta zinapita wapi. Hili halina njia ya mkato.

Bado kiangazi, kipande cha nailoni

Sasa njia. Nyasi zinakufa kwa kunyimwa mwanga, kwa joto, kwa kung'olewa, au kwa dawa. Dawa nimeiweka pembeni, hapa kuna watoto na mboga zitaota palepale. Glaifoseti, dawa ya kuua magugu, ipo sokoni tangu 1974, na mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, mamlaka nyingine za usimamizi wa viuatilifu zina msimamo tofauti na ubishi bado unaendelea, mimi nimeamua tu kwamba kwa eneo dogo kama hili siihitaji.

Zinabaki tatu na nazijaribu zote tatu, kila moja kipande chake, nione ukoka utafanyaje.

Kipande cha ukuta kinapata joto. Hii njia ya kupasha udongo kwa jua chini ya nailoni ilielezwa kisayansi na watafiti wa Israel mwaka 1976 wakipambana na magonjwa ya udongo, baadae ikaonekana inaua na mbegu nyingi za magugu. Nailoni inatakiwa iwe ANGAVU, sio nyeusi. Watu wengi wanadhani nyeusi ndo inapasha zaidi kwasababu ukiigusa inaunguza, lakini joto la nyeusi linaishia kwenye nailoni yenyewe, angavu inapitisha mwanga mpaka kwenye udongo na kuzuia joto lisitoke. Nimekata nyasi chini kabisa, nikasomba zote, nikamwagilia mpaka udongo ukalowa vizuri maana udongo wenye unyevu unabeba joto kwenda chini kuliko mkavu, nikatandaza nailoni ikiwa imegusana na ardhi, kisha pembe zote zikafukiwa kwenye mtaro mdogo ili hewa isipite. Inakaa wiki 4 hadi 6 za jua kali. Sentimita 5 za juu zinaweza kupita nyuzi 45 za selsiasi, mbegu nyingi hazitoki hapo salama. Tatizo ni kwamba ukoka una mashina yanayotambaa juu na mengine yanayopita chini ya ardhi, na yale ya chini kabisa joto linayafikia limeshapoa. Kwa hiyo siitegemei peke yake, naitumia kudhoofisha.

Inafaa kiangazi tu. Ukiiweka wakati wa mawingu unajenga kitalu cha kustawishia magugu.

Mvua za kwanza, maboksi na hesabu ya mboji

Udongo umelainika, kipande kikubwa cha katikati kimeanza. Hiki kinapata njia ya giza, maboksi chini, mboji juu, bila kulima. Nimependa hii njia kwasababu udongo wa chini ya nyasi za miaka mingi tayari una muundo mzuri, njia za minyoo, mizizi iliyooza ikaacha vijitundu, ukiulima unavuruga yote hayo na unaleta juu mbegu za magugu zilizokuwa zimelala zikisubiri mwanga tu.

Vipimo vya tuta: upana mita 1.2, urefu mita 4. Upana huo ni ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili, sentimita 60 kila upande, hakuna kukanyaga ndani kamwe. Njia kati ya matuta sentimita 50, toroli inapita kwa shida kidogo ila inapita. Nimetumia kamba na vigingi kunyoosha.

Mpangilio niliofuata: nyasi zikatwe chini kabisa na ziachwe hapohapo, mwagilia, kisha maboksi. Maboksi yawe ya rangi ya kaki, yale ya kung'aa yenye nta au plastiki juu sio, na seloteipu zote zitolewe pamoja na pini. Hapa pananitia hasira kidogo kuona watu wanatandaza haraharaka na seloteipu zake, baada ya mwaka boksi limeoza lote na udongo umejaa mikanda ya plastiki ambayo utaiokota maisha yako yote. Toa. Inachukua muda lakini toa. Maboksi yanalaliana sentimita 15 hadi 20 maana ukoka ukipata upenyo wa kidole tu unautumia, na kwa ukoka nimeweka tabaka mbili, maungio ya la juu yasikae juu ya maungio ya la chini. Lowesha mpaka yawe laini ndo mboji ije, boksi kavu linafanya kazi ya mwavuli, linamwaga maji pembeni na udongo wa chini unabaki mkavu.

Hesabu ya mboji ndo imenichukua jioni nzima. Tuta la mita 1.2 kwa 4 ni mita za mraba 4.8. Mboji ya kina cha sentimita 10 ni lita 480, toroli la lita 80 linaenda mara 6. Ukitaka sentimita 15 ni lita 720, toroli 9. Zidisha kwa idadi ya matuta ndo utaelewa kwanini nasema anza na machache, ni bora tuta moja lenye mboji ya kutosha kuliko manne yaliyopakwa mboji juujuu ambayo nyasi zitatoboa mapema tu.

Swali linalokuja sana: boksi halitakula naitrojeni ya mimea? Boksi lina kaboni nyingi mno, uwiano wake na naitrojeni ni mamia kwa moja, wakati mboji inaiva vizuri ikianzia kwenye 25 hadi 30 kwa moja. Lakini huo ulaji wa naitrojeni unatokea pale boksi linapogusana na udongo tu, ni tabaka jembamba, shida inakuja ukilichana na kulichanganya ndani ya udongo. Likilala tu palepale, mizizi ya juu inakula mboji na haina habari.

Samadi nimeifanyia jaribio kabla ya kuiingiza. Kuna dawa za magugu za malishoni, za kundi la aminopiralidi na kloopiralidi, zinapita tumboni kwa ng'ombe bila kuharibika na zinakaa kwenye samadi miezi mingi, nyanya na maharage zikikutana nazo zinajikunja majani na kudumaa. Jaribio ni rahisi, panda maharage kwenye vikopo, vingine vina mchanganyiko wenye ile samadi na vingine havina, subiri wiki 2 hadi 3, linganisha majani. Yangu yalitoka sawasawa pande zote, samadi ikaingia.

Mvua zimekolea, nyasi zinazobaki

Huu ndo msimu nyasi zinakimbia, na hapa ndo nimekaa kuandika zaidi maana ratiba ya nyasi watu wanaichukulia poa.

Sheria ya kwanza ni theluthi. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mara moja. Unataka zikae sentimita 4, kata zikifika 6. Ukiziacha zikafika 12 alafu ukazishusha mpaka 4 kwa siku moja umeondoa karibu kiwanda chote cha chakula, mizizi inaacha kukua ili mmea upate nguvu ya kutoa majani mapya, unaona rangi ya njano, na pale kwenye uwazi magugu yanaingia. Zikikuponyoka zishushe kwa awamu, siku chache katikati. Urefu unategemea aina, ukoka unapenda kati ya sentimita 2.5 na 5, nyasi za majani mapana na zile za nchi za baridi zinataka 6 hadi 9. Mimi nimechagua upande wa juu wa kipimo, nyasi ndefu kidogo zina mizizi mirefu na zinafunika udongo magugu yasipate mwanga.

Pili, kisu cha mashine kiwe kikali. Piga magoti uangalie ncha ya jani siku moja baada ya kukata, ikiwa imenyooka safi kisu kipo vizuri, ikiwa imechanika nyuzinyuzi nyeupe alafu inakuwa kahawia, kisu kimekufa, na ule uwanja unaoonekana umepauka kwa mbali wala hauna njaa ya mbolea. Mashine ya kwanza ya kukata nyasi ilitengenezwa Uingereza na Edwin Budding, hataza yake ni ya 1830, wazo alilipata kwenye mashine ya kiwandani ya kusawazisha manyoya ya vitambaa, na mpaka leo zile mashine za visu vya kuzunguka kama pipa, zinazokata kwa mtindo wa mkasi, ndo zinaacha jani safi kuliko zote. Kabla ya hapo ilikuwa ni kufyeka kwa mkono na kondoo.

Tatu, mbolea. Nimetumia gramu 5 za naitrojeni kwa mita moja ya mraba, hicho ni kipimo cha kawaida cha mara moja. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo ni kama gramu 11 kwa mita, mbolea ya CAN yenye asilimia 26 ni kama gramu 19. Inamwagwa jani likiwa kavu, kisha maji yanafuata hapohapo, na haimwagwi mvua kubwa ikiwa inakuja maana yote itaishia mtaroni. Nimemwaga mwanzo wa mvua nyasi zilipoanza kuota, sitaongeza nyingi kwasababu kuna wiki nitakuwa naacha majani yaliyokatwa hapohapo juu ya nyasi, na hayo peke yake yakiachwa kila mara yanaweza kurudisha hadi robo ya naitrojeni inayohitajika kwa mwaka. Hayaleti ule mkeka mnene wa mashina makavu juu ya udongo kama wengi wanavyoamini, majani ni maji kwa sehemu kubwa, yanaoza haraka, ule mkeka unatokana na mashina na mizizi. Mkeka ukizidi sentimita 1.3 hivi ndo utumie reki kuutoa.

Wiki nyingine majani nayakusanya, na hapo ndo nyasi zinaanza kulipa. Majani mabichi ya nyasi yana kaboni 15 hadi 20 kwa naitrojeni moja, ni chakula kizito, yakirundikwa peke yake yananuka na kuwa uji. Nayachanganya na majani makavu ya mti, ambayo yako kwenye 50 au 60 kwa moja, na lundo linapata moto vizuri. Mengine nayakausha juani siku moja mbili alafu yanakwenda kwenye matuta kama matandazo, tabaka la sentimita 2 tu kwa mara moja, likikauka naongeza jingine. Ukimwaga mabichi kwa wingi yanashikana na maji hayapiti.

Angalizo kubwa kwa wenye ukoka: mashine ikishushwa sana inakwangua na vipande vya mashina, kila kifundo kinaweza kuota mizizi. Ndo maana nakausha mpaka yanakatika mkononi. Na majani ya nyasi zilizopigwa dawa ya magugu hayasogei kwenye matuta kabisa.

Kwa wenye msimu wa baridi kali mpangilio unageuka, nyasi za huko zinakua sana kwenye nyuzi 15 hadi 24, mbolea kuu na mbegu za kuziba vipara zinaingia mwanzo wa vuli joto linapopungua, na maboksi ya matuta yanalazwa vuli hiyohiyo ili mpaka majira ya kuchipua yawe yameoza. Ukoka na wenzake wa joto kinyume chake, wanakula wakati joto na maji vipo pamoja.

Katikati ya mvua, nini kimerudi

Ripoti ya vipande.

Kipande cha maboksi: nyasi za katikati kimya kabisa. Nimefunua kona moja, chini ni njano, laini, minyoo imejaa, boksi linachanika kwa kidole. Kingoni ni habari nyingine, ukoka umetoka upande wa nyasi hai, umetambaa juu ya boksi ndani ya mboji kama mwizi anayejua mlango, na kila kifundo kimeshatia mizizi. Kwa hiyo vita ya katikati inamalizwa na giza, vita ya kingo inamalizwa na koleo. Nimechimba mtaro kuzunguka matuta yote, kina sentimita 15, upande wa nyasi umekatwa wima, upande wa tuta umelala. Shina linalotambaa juu likifika hapo linaning'inia hewani naliona na kulikata, la chini linatokeza kwenye ukuta wa mtaro nalo linakatwa. Kila baada ya wiki mbili napita na koleo kali, ni kazi ya muda mfupi, na ndio kazi muhimu kuliko zote kwenye huu mradi mzima. Mtaro ukisahaulika msimu mmoja hayo maboksi yote ilikuwa bure.

Kipande cha nailoni, baada ya kufunuliwa: magugu ya mbegu hamna, safi kabisa, ukoka wa juu umekauka wote. Lakini mvua ziliposhika, vichipukizi vichache vya ukoka vimetoka chini, vimetawanyika. Na ndago. Ndago haikujali chochote, ile ncha yake inatoboa hata nailoni, na vijitunguu vyake vimeungana chini kwa mnyororo, ukilima unakata mnyororo na kila kijitunguu kinaamka kivyake. Dawa yake ni kuchimba kwa uma na kufuata uzi mpaka mwisho, na kurudia, mmea ukinyimwa majani kila yanapotoka akiba inaisha.

Kipande cha tatu, chini ya mti, nilipanga kung'oa kwa mkono na ndo nimefanya. Jembe uma, sio jembe la kukata, kukata kunazidisha vipande. Unachoma, unainua, unatikisa udongo, unavuta shina zima. Mashina mengi ya chini ya ukoka yapo ndani ya sentimita 15 za juu, na pale kwenye kivuli yalikuwa dhaifu tayari, kazi ilikuwa nyepesi kuliko ingekuwa juani. Mizizi minene ya mti sijaikata, na udongo sijaurundika kwenye shina maana gome likifunikwa linaoza. Nimeweka matandazo ya sentimita 5 hadi 7, yameanzia mbali kidogo na shina.

Vipande vya nyasi nilivyong'oa haviendi kwenye mboji. Nyasi za aina ya mafungu yasiyotambaa unaweza kurundika juu chini na baada ya mwaka ukapata udongo mzuri sana, ukoka hapana, nimeuanika juu ya bati mpaka ukawa mkavu wa kuvunjika.

Nimepanda. Maharage kwenye tuta la kwanza, bakteria wa mizizi yake wanakamata naitrojeni ya hewani na tuta changa linafaidika, matango na maboga la pili kwasababu majani yao mapana yanaweka kivuli juu ya kichipukizi chochote cha ukoka, miche ya nyanya la tatu. Karoti bado, boksi halijaoza vya kutosha mzizi ushuke. Kwa miche nilipasua boksi kidogo kila shimo.

Sota wamekuja, hilo lilitarajiwa, ardhi iliyokuwa nyasi huwa na sota na mabuu meupe ya mbawakawa. Sota anakata mche usiku usawa wa ardhi, asubuhi unakuta umelala. Kila mche una kola ya karatasi ngumu, sentimita 3 ndani ya udongo na 5 juu. Mche uliokatwa ukifukua pembeni yake kidogo kwa kidole unamkuta amejikunja hapohapo. Mabuu meupe nayaacha wazi kwa ndege.

Mvua zinapungua

Mboji imeshuka, matuta yamekaa chini kwa kama theluthi, ni kawaida, inaoza na kujipanga. Nimeongeza tabaka la sentimita 3.

Nyasi zimepungua kasi, kwa hiyo nimepandisha kisu cha mashine ngazi moja na mbolea imesimama. Nimetoboa sehemu watoto wanapokimbilia zaidi, udongo umeshindiliwa pale, jembe uma linachoma sentimita 8 hadi 10 na kutikiswa kidogo, matundu kila upana wa kiganja, kisha mboji iliyochekechwa ikafagiliwa ndani. Kazi hii inafanyika udongo ukiwa na unyevu na nyasi zikiwa bado zina nguvu ya kukua zizibe majeraha, ukisubiri ukame unazikausha mizizi.

Maji nimeyapangia hesabu. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa mita ya mraba. Mboga zinahitaji kama milimita 25 kwa wiki, tuta langu la mita za mraba 4.8 ni lita 120 kwa wiki, nazigawa mara mbili au tatu, asubuhi, zishuke chini. Kwa nyasi nimepanga makopo matupu uwanjani, nafungua mpira wa maji na kuangalia muda gani yanajaa milimita 12, sasa najua muda wa kufungua bila kubahatisha. Kunyunyiza kidogo kila jioni ndo namna ya kufundisha mizizi ikae juu, na kulaza majani na unyevu usiku kucha, kuvu wanapenda sana hiyo hali.

Kiangazi kimerudi

Maamuzi ya maji yakibana: matuta yanakunywa kwanza, nyasi zinalala. Ukoka ukikosa maji unakuwa kahawia juu lakini vifundo na mashina ya chini vipo hai, mvua zikirudi unachipua wenyewe, kwa hiyo rangi ya kahawia hainitishi. Masharti mawili tu, usizikate zikiwa zimelala na usiziwekee mbolea. Na watoto wahamie upande mwingine kwa kupokezana ili pasichakae pamoja.

Maharage yamevunwa, mashina nimeyakata usawa wa ardhi na mizizi imebaki ndani ioze. Maboga yalifunika tuta lote, chini yake ukoka hata mmoja sikuuona, msimu ujao maboga yanawekwa kingoni makusudi. Nyanya zimekwenda vizuri isipokuwa upande wa ukuta ambapo joto la mchana lilidondosha maua, pale patapata mimea ya harufu inayopenda ukavu.

Kipande cha ukuta kinarudi chini ya nailoni sasa hivi, awamu ya pili ya joto juu ya ukoka uliokwisha dhoofika, nikishachimba kwanza ndago zinazoonekana. Kwenye nyasi nimeweka alama za vigingi vya matuta mawili mengine, mbele ya yale ya katikati, na hayo yanaanza kufunikwa turubai jeusi mapema kabla ya mvua, giza tupu la miezi miwili mitatu, kisha turubai linatolewa na maboksi yanalazwa mvua zikianza. Maboksi yanakusanywa kuanzia leo, seloteipu zinatolewa yanapoingia. Lundo la mboji limegeuzwa na lina moto ndani bado, katikati ya toroli mbili za mwisho za majani ya nyasi na makavu ya chini ya mti, nikilipima likipoa nitajua linatosha tuta moja au yote mawili, na hilo ndo litaamua nafungua mangapi.